Kabla hujalipia kamera iliyokarabatiwa, jua shata yake imepiga mara ngapi

Kamera iliyokarabatiwa huja iking'aa. Imefutwa vumbi, raba ya mshikio imebandikwa upya, skrini imewekewa karatasi ya kuikinga, na pengine imo ndani ya boksi jeupe lisilo na maandishi. Kwa macho unaweza kuapa kwamba haijawahi kupiga picha hata moja. Lakini ndani yake kuna kifaa kimoja ambacho kitambaa na spiriti havikifikii, nacho ndicho kilichofanya kazi kuliko vyote. Kifaa hicho ni shata.

Shata ni mapazia mawili ya vibamba vyembamba sana, yaliyokaa mbele ya kihisi cha picha. Ukibonyeza kitufe, pazia la kwanza linakimbia na kukiacha kihisi wazi, la pili linafuata na kukifunika. Kwa kasi ndogo, tuseme 1/60 ya sekunde, kuna wakati kihisi chote kiko wazi. Kwa 1/4000 mambo ni mengine: la pili linatoka kabla la kwanza halijafika mwisho, yanafukuzana, na mwanga unapita kwenye ufa mwembamba tu unaosafiri juu ya kihisi. Hebu fikiria springi, gia na vibamba vinavyofanya kazi hiyo mara elfu hamsini, mara laki moja. Vinachakaa, hakuna njia nyingine. Kwa bahati nzuri kamera nyingi hujihesabia mipigo hiyo zenyewe, na namba hiyo unaweza kuisoma kabla hujatoa hela.

Nimewasaidia watu wengi kununua kamera za mtumba na zilizokarabatiwa, na ninachowaambia kila mara ni kwamba namba ya shata ni shahidi mmoja. Kwanza hakikisha ni shahidi wa kamera hii na si wa nyingine, kisha msikilize pamoja na mashahidi wengine. Wanaoingia mkenge si wale tu wasioitazama namba. Wapo pia walioitazama wakaiamini peke yake.

Hatua ya 1: Jua modeli unayoitaka ilijengewa mipigo mingapi

Namba ya mipigo haina maana mpaka uipime dhidi ya kitu. Mipigo 90,000 ni mzigo mzito kwa kamera moja na ni asubuhi tu kwa nyingine. Watengenezaji hutaja, hasa kwa kamera za kati na za juu, idadi ambayo shata ilijaribiwa kuifikia.

Kwa Canon, EOS 6D na 80D zilitajwa kwa mipigo 100,000; 5D Mark III na 5D Mark IV kwa 150,000; 7D Mark II kwa 200,000; EOS-1D X kwa 400,000. Kwa Nikon, D7200 na D750 ni 150,000. D500, D810 na D850 ni 200,000. D5 ni 400,000. Sony A7 III ni 200,000, wakati ndugu yake A7R III ni 500,000. Fujifilm X-T5 nayo ni 500,000. Kamera nyingi za kuanzia hazitajwi kabisa, na hizo mimi huzipimia kwa 100,000 ili nisijidanganye.

Usiichukulie namba hiyo kama tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kopo la dawa. Zipo shata zilizovuka makadirio mara mbili zikaendelea kupiga, na zipo zilizokufa hazijafika hata nusu. Ni kipimo cha uwezekano. Kamera iliyotumia robo ya makadirio yake ina uwezekano mkubwa wa kukutumikia miaka mingi. Iliyoyapita inaweza kukufaa pia, ila bei yake lazima iwe imemeza gharama ya shata mpya.

Kuna kamera ambazo swali lenyewe halizihusu. Nikon Z9 ya 2021 na Z8 ya 2023 hazina shata ya mapazia kabisa, kazi yote inafanywa na kihisi chenyewe. Ukikutana na muuzaji anayekusifia uchache wa mipigo ya shata ya Z8, ujue hajui anachouza.

Hatua ya 2: Omba faili, usiombe neno

Ukimuuliza muuzaji "imepiga ngapi?" atakujibu "chache tu" au "kama elfu nane hivi". Jibu hilo liache lipite. Unachotaka ni faili la picha iliyopigwa leo na kamera ileile unayoitaka, likiwa halijaguswa. Mwombe hivi, kwa adabu lakini kwa uwazi: aandike tarehe ya leo na jina lako kwenye karatasi, aipige picha karatasi hiyo, kisha akutumie faili lilivyotoka kwenye kadi, iwe JPEG au faili ghafi la RAW.

Namna ya kutuma ina uzito hapa. Idadi ya mipigo, kwa kamera zinazoiandika, hukaa ndani ya taarifa zinazofichwa kwenye picha, zinazoitwa EXIF, tena kwenye sehemu maalumu ambayo kila kampuni huiandika kwa namna yake. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na taarifa hizo zinapotea. Ikipitishwa kwenye programu ya kuhariri na kuhifadhiwa upya, mara nyingi sehemu hiyo ya kampuni inafutika hata kama tarehe na kasi ya shata zimebaki. Kwa hiyo mwambie aitume kama dokumenti, au kwa barua pepe, au aipakie kwenye hifadhi ya mtandaoni akupe kiungo.

Jambo moja dogo linalowachanganya wengi: namba iliyo kwenye jina la faili, kama DSC_0456 au IMG_2210, si idadi ya mipigo. Inafika 9999 na kuanza upya, na mwenye kamera anaweza kuirudisha mwanzo wakati wowote kwa kugusa menyu. Muuzaji akikuonyesha IMG_0312 na kusema "unaona, haijafika hata mia nne", mweleze hivyo bila kumgombeza. Wengine wanaamini kwa dhati.

Hatua ya 3: Soma namba

Hapa kila kampuni ina mlango wake, na usipojua unaingilia mlango upi utaondoka na namba ya uongo huku unaamini ni ya kweli.

Chombo ninachokitegemea ni ExifTool, programu ya bure iliyoandikwa na Phil Harvey, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haina madirisha ya kupendeza, unaandika amri tu:

exiftool "-*count*" "-*serial*" DSC_0456.NEF

Amri hiyo inaiambia itoe kila taarifa yenye hesabu ndani yake, pamoja na namba ya utambulisho wa kamera. Zipo tovuti zinazokufanyia kazi hiyohiyo ukipakia picha, na kwa haraka zinatosha, ila kumbuka picha inaweza kuwa imebeba mahali ilipopigwa. Usipakie picha ya nyumbani kwa mtu.

Nikon ndiyo rahisi kuliko zote. Kamera zake huandika ShutterCount ndani ya kila picha. Kwenye familia ya Z utaona pia MechanicalShutterCount katika modeli kadhaa, na hiyo ndiyo ya kuitazama, kwa sababu ya kwanza hujumlisha na picha zilizopigwa kimyakimya kwa shata ya kielektroniki, ambazo hazikuchosha pazia lolote.

Pentax nayo huandika ShutterCount, lakini haihesabu mipigo ya kutazama picha moja kwa moja kwenye skrini wala ya kurekodi video, na fundi anaweza kuirudisha sifuri.

Sony inahitaji umakini. Modeli nyingi za Alpha hutoa namba, ila baadhi yake kihesabu kinazunguka: kikifika 65,536 kinaanza tena sifuri, kama mita ya gari la zamani. Ukisoma 4,464 kwenye mojawapo ya hizo, inaweza kuwa 4,464 kweli, au inaweza kuwa 70,000. Faili peke yake haliwezi kukuambia ni ipi. Hapo ndipo mashahidi wengine wanapoanza kuwa na kazi, na nitawafikia.

Fujifilm huandika ImageCount. Tatizo lake ni kwamba hesabu hiyo inaweza kurudi sifuri kamera inapopakiwa toleo jipya la programu yake ya ndani. Kamera iliyokarabatiwa karibu kila mara imepakiwa toleo jipya kabla ya kuuzwa, ni sehemu ya ukarabati wenyewe. Basi ImageCount ya 200 kwenye Fujifilm iliyokarabatiwa usiichukulie kama ushahidi wa lolote.

Canon ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Kamera nyingi za EOS haziandiki namba kwenye picha, hivyo hata faili safi kabisa halitakuonyesha kitu. Lazima kamera iunganishwe kwenye kompyuta kwa waya wa USB na isomwe na programu. Kwenye Linux au Mac, EOS nyingi zenye kioo cha ndani (DSLR) hujibu amri hii ya programu ya bure iitwayo gphoto2:

gphoto2 --get-config /main/status/shuttercounter

Kwenye Windows na Mac zipo programu ndogo za kulipia na za bure zinazofanya kazi hiyo. Kabla ya kununua yoyote, hakikisha modeli yako imo kwenye orodha yake. Kamera za juu kama EOS-1D X zina ukurasa wa hali ya kamera ndani ya menyu yenyewe, unasoma pale pale bila waya. Kama unanunua Canon kwa mbali, mwombe muuzaji arekodi video moja isiyokatwa: anaanza na namba iliyo chini ya kamera, anachomeka waya, anafungua programu, namba ya mipigo inatokea. Anayekataa kufanya hivyo kwa kamera ya bei kubwa mimi huachana naye.

Olympus na Panasonic zina menyu za mafundi zilizofichwa, zinazofunguliwa kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu ambao hutofautiana kati ya modeli na modeli. Kwenye Olympus, tafuta herufi R, ndiyo mipigo. Kwenye Panasonic utaona SHTCNT, idadi ya mipigo, na PWRCNT, mara ngapi kamera imewashwa. Hizi mbili zikisomwa pamoja zinasimulia mengi: kamera iliyowashwa mara 6,000 ikapiga 3,000 tu ilikuwa ikifanya kazi nyingine, na mara nyingi kazi hiyo ni video. Ukiwa ndani ya menyu hizo usibonyeze usichokijua. Kuna humo mambo yanayofuta mipangilio ya kamera.

Hatua ya 4: Hakikisha namba ni ya kamera hii

Hatua hii wengi huiruka. Mimi niliwahi kuiruka, na ilinigharimu.

Nilikuwa nanunua Nikon kwa mtu aliyekuwa na kamera kadhaa zilizokarabatiwa. Alinitumia faili safi, nikalisoma, mipigo 9,300. Nikafurahi, nikalipa, kamera ikafika. Siku ya kwanza nikaona pembe za kitufe cha kuwashia zimelika na kuwa laini kabisa, mpaka mistari yake midogo haishikiki kwa kidole. Nikapiga picha moja, nikaisoma: 71,000 na ushee. Nikalifungua tena lile faili la kwanza na kutazama namba ya utambulisho. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa tofauti na zilizochapwa chini ya kamera niliyoishika. Alikuwa na mbili za modeli moja, akapiga picha na moja, akanitumia nyingine. Iwe kwa makusudi au kwa kuchanganya, hela ilikuwa imeshatoka.

Tangu hapo hufanya hivi. Namwomba muuzaji picha ya chini ya kamera, penye kibandiko cha namba, iliyo wazi kiasi cha kusoma kila tarakimu. Naifananisha na namba inayotoka kwenye ExifTool, tarakimu kwa tarakimu. Kamera za kampuni nyingine huandika ndani namba ya siri isiyofanana na ya kibandiko. Hapo nasubiri mpaka niishike kamera, napiga picha moja mwenyewe, na kulinganisha namba ya ndani ya faili langu na ya faili nililotumiwa. Zikilingana, ni kamera ileile. Kisha natazama hesabu: yangu lazima iwe mbele ya ile ya kwanza, na isiwe mbele kwa elfu tano.

Kibandiko chenyewe kitazame kwa karibu. Kilichobanduka pembeni, kilichopinda, au chenye herufi zisizolingana na za kamera nyingine za modeli hiyo, kimeshaondolewa mara moja angalau.

Hatua ya 5: Pima namba kwa umri na kwa mwili

Sasa una namba, na unajua ni ya kamera hii. Igawanye kwa miaka. Mipigo 60,000 ndani ya miaka minne ni 15,000 kwa mwaka, kama 41 kwa siku. Hayo ni matumizi ya mtu anayeipenda kamera yake bila kuitesa. Mipigo hiyohiyo ndani ya miezi minane ni habari nyingine, ingawa si lazima iwe mbaya. Kamera iliyowekwa kupiga picha moja kila sekunde tano kwa saa nane, kurekodi mawingu au ujenzi, inapiga 5,760 kwa siku moja huku imetulia kwenye miguu mitatu, haijaguswa wala kudondoka. EOS-1D X inayopiga picha 12 kwa sekunde inaweza kumaliza mipigo 10,000 ndani ya dakika 14 za kubonyeza. Shata imechoka, ila mwili na vitufe bado ni vibichi.

Namba kubwa ikikaa kwenye mwili uliochakaa, hesabu na mwili vinakubaliana, na hilo ni jambo la kutuliza moyo. Namba ndogo kwenye mwili uliochakaa ndiyo ya kuiogopa. Tazama sehemu ambazo mkarabati hazibadilishi kirahisi: rangi iliyochubuka kwenye reli ya kuchomekea flashi, mikwaruzo kwenye pete ya chuma inapofungwa lenzi, ukingo wa tundu la skrubu ya miguu mitatu, alama zilizofifia juu ya vitufe. Reli ya flashi iliyolika mpaka chuma cheupe kinaonekana haiendi na mipigo 6,000. Raba mpya ya mshikio isikupumbaze, hiyo hubandikwa kwa dakika chache.

Kuna maelezo halali ya tofauti hiyo, na haki ni kumpa muuzaji nafasi ya kuyasema. Shata ikibadilishwa, fundi anaweza kurudisha kihesabu sifuri. Mfano unaojulikana ni Nikon D600 iliyotoka 2012. Kamera hiyo ililalamikiwa kwa madoa yaliyokuwa yakijikusanya juu ya kihisi, na mwaka 2014 Nikon ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kubadilisha shata zake bila malipo, hata zilizomaliza dhamana. D750 nazo, baadhi yake, ziliitwa kubadilishiwa shata kuanzia 2015. Kwa hiyo D600 yenye mwili wa mzee na mipigo 4,000 inaweza kuwa na shata changa kweli, na hilo ni jema kwako. Dai karatasi ya fundi. Ikiwepo, hesabu mbili: shata ina 4,000, lakini kioo, vitufe, na viungio vingine vina umri wao wa zamani.

Na sasa jambo ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote katika miaka hii ya kamera zisizo na kioo. Mipigo michache siku hizi mara nyingi ina maana kwamba kamera ilikuwa ya video. Saa nzima ya kurekodi haiongezi maelfu ya mipigo kwenye shata, inaongeza mmoja tu au hata hakuna. Kihisi lakini kimewaka saa nzima, kimepata joto, na betri imekuwa ikibadilishwa mfululizo. Niliwahi kuletewa kamera ya aina hiyo na rafiki, imepiga 11,000, imesafishwa vizuri. Nikachomeka waya wa HDMI na ukawa unacheza kama jino bovu. Mlango wa betri ulifunga kwa kusukumwa. Tundu la skrubu chini lilikuwa limezungukwa na duara la mkwaruzo, alama ya bamba la miguu mitatu lililofungwa na kufunguliwa kila siku. Shata ilikuwa nzima kabisa, ila kilichochoka kilikuwa kingine, na namba isingeweza kukisema.

Hatua ya 6: Ijaribu shata kwa mkono wako

Kama utaishika kamera kabla ya kulipa, au una siku za kurudisha, fanya majaribio haya. Hayachukui nusu saa.

Zima shata ya kielektroniki kwanza, na kama kuna chaguo la pazia la kwanza la kielektroniki, lizime pia. Usipofanya hivyo utakuwa unajaribu kihisi, si shata. Kisha nenda kwenye mwanga wa jua, mbele ya ukuta mweupe au wa rangi moja. Usifanye hivi chini ya taa za ndani, kwa sababu kumemeta kwa taa nyingi huacha mistari kwenye picha na utailaumu shata bure. Weka kamera kwenye hali ya M, ambayo wewe mwenyewe unapanga kila kitu, funga tundu la lenzi mahali pamoja, na upige picha tatu: 1/250 kwa ISO (kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga) 100, 1/1000 kwa ISO 400, 1/4000 kwa ISO 1600. Kihesabu, ISO inafidia mwanga unaopungua kwa kasi, na mwangaza wa picha ni uleule. Zitazame picha hizo tatu zikiwa zimepangwa pamoja. Zinapaswa kufanana kwa mwangaza, na kila moja iwe sawa kutoka juu hadi chini.

Ikiwa ile ya 1/4000 ina giza upande mmoja, au ina utepe mweusi, au imezidi kuwa nyeusi kuliko zile mbili, mapazia hayakimbii kwa mwendo mmoja tena. Huo ndio ugonjwa wa shata iliyochoka, nao huanzia kwenye kasi kubwa, kule ambako ufa ni mwembamba na kosa dogo linaonekana. Mtu anayepiga picha ndani ya nyumba tu anaweza kuishi nao mwaka mzima asijue. Rudia 1/4000 mara kumi na tano, maana shata mgonjwa haikosei kila mara.

Piga mfululizo wa haraka mpaka kamera ipumzike yenyewe. Sikiliza. Mlio unapaswa kuwa mmoja, unaorudiwa bila kukwaruza wala kusitasita. Canon ikikwama na kuandika Err 20 au Err 30, au Nikon ikaandika Err, umepata jibu lako. Usikubali kuambiwa kwamba "inatokea mara moja moja tu".

Mwisho, funga tundu la lenzi mpaka f/16, ielekeze kwenye anga au ukuta mweupe bila kulenga chochote, na uitazame picha ikiwa imekuzwa. Vumbi la kawaida ni vijidoa vya kijivu na husafishika. Vidoa vingi vya mviringo vyenye kingo kali, hasa kama vimejikusanya kona moja, vinaweza kuwa mafuta yaliyorushwa na shata yenyewe. Safisha leo, vitarudi.

Hatua ya 7: Lipa, au ondoka

Kabla ya kupatana bei, uliza kwa fundi unayemwamini gharama ya kubadilisha shata ya modeli hiyo, pamoja na kazi yake. Hiyo ndiyo rula yako. Kamera iliyotumia zaidi ya nusu ya makadirio yake, toa sehemu ya gharama hiyo kwenye bei. Iliyoyapita, itoe yote. Kwa kamera za zamani za kuanzia, shata mpya inaweza kukaribia thamani ya kamera nzima, na hapo sioni sababu ya kubahatisha. Tafuta nyingine.

Uliza pia nani aliyeikarabati. Iliyokarabatiwa na kampuni yenyewe iliyoitengeneza imekaguliwa kwa vipimo vya kiwandani na huja na dhamana ya maandishi. Iliyokarabatiwa na muuzaji inaweza kuwa imefanyiwa kazi nzuri vilevile, au imefutwa kwa kitambaa tu. Neno ni lilelile kwenye tangazo. Kwa hiyo dai risiti yenye vitu vitatu: namba ya utambulisho wa kamera, idadi ya mipigo siku ya kuuza, na siku unazoruhusiwa kurudisha. Muuzaji mwaminifu haoni taabu kuandika namba aliyokwisha kuitamka.

Kamera ikishafika nyumbani usiiweke kabatini ukisubiri sherehe. Soma mipigo siku hiyohiyo na uiandike. Nenda ukapige picha 300 kwa shata ya mapazia, kasi zote, ndani na nje, kisha usome tena kwa njia ileile. Hesabu inapaswa kuwa imesogea kwa 300 au karibu na hapo. Ikiwa haijasogea, au imeruka kwa elfu, basi ulichokisoma siku ile hakikuwa mipigo ya shata, na wakati wa kumpigia muuzaji ni sasa, siku za kurudisha zikiwa bado hazijaisha.